Simu Niliyoikalia

Mayfair, Johannesburg

Mdogo wangu Mayasa,

Nakusalimu kwa mapenzi, nikiamini goti limepungua uvimbe na wanao huko Tanga wanakukanda kama nilivyowaagiza. Mimi mzima wa mwili, ila roho ina uchafu. Anayeniandikia ni mjukuu wangu Biubwa, maana mimi na kalamu hatujawahi kujuana. Nimemwapisha asipunguze neno.

Biubwa amepata kazi ya mambo ya nyota. Anasema kuna nyota zinazokufa kwa kulipuka, zikatupa miale ambayo jicho haliioni. Setilaiti huko juu ikiinasa, simu ya aliye zamu inatetemeka, naye lazima awaambie wenye darubini waigeuzie huko upesi, kabla mabaki ya mwanga hayajafifia. Nikamuuliza hiyo nyota ina undugu gani na sisi. Akacheka.

Mayasa, marehemu aliniletea mke mwenza nikiwa na mimba ya pili, na sikumwonea wivu kama ninavyoionea hiyo setilaiti. Ikiita, mtoto anaacha wali unafuka moshi. Mimi nikiita, naambiwa, "Subiri kidogo, Bibi."

Ijumaa baada ya swala alikaa katikati ya magoti yangu nimsuke. Nilipofika nusu ya kichwa akaikumbuka simu. Akaitazama, akapiga kelele kama aliyefiwa. Mwanga uliokuwa safarini tangu dunia haijaumbwa ulikuwa umefika ukapita, na hakuna darubini iliyogeuziwa huko. Leo siku ya tatu hali chakula, nusu ya kichwa misuko, nusu timtimu. Anasema amezembea, kesho anapeleka barua ya kuacha kazi.

Sasa sikiliza, na wewe unayeandika, andika. Alipokwenda jikoni kuchukua mafuta ya nazi, niliikalia ile simu. Aliporudi kuketi, ikatetemeka chini yangu mara tatu, kama kifaranga. Nikazidi kumuuliza habari za mashoga zake ili asiisikie. Alipokwenda kunawa mikono nikairudisha mkekani. Nilitaka saa moja tu iwe yangu.

Kalamu imesimama. Andika, mwanangu. Andika kwamba hukuzembea, na kesho nakwenda nawe kwa mkubwa wako, niseme kwa kinywa changu.

Wasalimie wote, na vitukuu uwabane mashavu kwa niaba yangu. Mungu atukutanishe tungali na meno.

Dada yako,
Fauzia

Bibi Mayasa, shikamoo. Mimi Biubwa. Hili sikuambiwa niandike. Nimekasirika sana. Ile barua ya kazi nimeichana. Nimekaa tena magotini kwake amalize upande uliobaki, na simu nimempa aishike yeye.