Maneno Niliyompa Binti wa Ngazini

Hili sijamwambia mtu yeyote: kila Jumamosi namdanganya mama yangu, tena kwa sauti.

Leo ni Jumamosi, alasiri. Joto limeanza kulegea, lakini kiyoyozi cha jirani bado kinadondosha maji dirishani kwetu.

Jumamosi Baba huwa zamu ghalani. Mama anasukuma chapati, mimi naegemeza kompyuta kwenye kopo la unga, tunatazama vichekesho vya zamani vya Waingereza. Familia moja, kochi moja lililochakaa, chai isiyokwisha. Mama hajui Kiingereza, kwa hiyo mimi ndiye mdomo wa wote. Yeye amewapa majina. Baba mtu ni Mzee Manung'uniko. Mkewe ni Mama Birika. Binti yao akikasirika hupanda ngazi na kubamiza mlango, basi huyo ni Binti wa Ngazini.

"Hawa watu wanaingiliana tu, hata hodi hawana," Mama husema. "Na chai kavu! Andazi limewakosea nini?"

Husema hivyo kila wiki. Kila wiki nacheka.

Shuleni siongei. Nyumbani najibu ndiyo, hapana, nimeshiba. Kwenye kutafsiri tu ndiko maneno yanakonijia. Mwanzoni nilitafsiri sawasawa. Halafu siku moja Mzee Manung'uniko alikuwa akilalamikia soksi zake zilizopotea, nami nikamwambia Mama kwamba anamwambia binti yake anajivunia kuwa naye. Sijui kwa nini. Mama akasema, "Kumbe ana moyo, mzee wa watu."

Ikawa tamu. Nikaendelea.

Wiki hii nimewasikia Mama na Baba wakizungumza. Wanataka nirudi Tanga, nikakae kwa Shangazi, nisome huko. "Mtoto hana raha hapa," Mama alisema. "Amekuwa kama picha ukutani." Leo Baba akitoka kazini atampigia Shangazi kumpa jibu, khalas.

Lakini raha ninayo! Napenda makelele ya Naif, mtaa wetu huku ughaibuni, wafanyabiashara wanavyokalia marobota ya nguo ili yafungike. Napenda kopo la unga. Ukimya wangu si huzuni. Ni ukimya tu, ndivyo nilivyo.

Nilipaswa kumwambia Mama. Badala yake nikamsubiri Binti wa Ngazini.

Leo alikuwa akiwabembeleza wazazi wake wamruhusu ahame, akaishi na marafiki zake mji mwingine. Mimi nikatafsiri hivi: "Anasema, Mama, msinipeleke mbali. Mimi kunyamaza si kwamba nina huzuni. Nikikaa na wewe hapa jikoni sipungukiwi na kitu."

Watazamaji wa kwenye vichekesho wakaangua kicheko. Mama hakucheka.

Halafu Binti wa Ngazini akashuka na begi lake, anapiga mbinja, anacheka, anawapungia mkono.

"Si kasema hataki kwenda?" Mama akauliza.

"Amelazimishwa."

"Mbona anacheka mpaka jino la mwisho?"

Nikaongeza sauti ya kompyuta.

"Na mbona yeye alishafumba mdomo kitambo, wewe ukawa bado unatafsiri?"

Chapati ikaungua. Chapati za Mama haziungui.

Nikasema nina kazi ya Baiolojia, nikakimbilia chumbani. Ngazi hatuna, lakini mlango tunao. Nikaubamiza. Naona aibu mpaka sasa.

Nikiwa huku ndani nikamsikia akisema taratibu, kama anaongea na kikaango: "Mwambieni huyo binti, mama yake hajui Kiingereza, lakini Kiswahili anakijua."

Blogu hii siku zote naiandika kwa Kiingereza. Wasomaji wangu ni watatu, na mmoja ni mimi. Nilichagua Kiingereza ili mtu mmoja tu asiweze kuisoma, na bado nikisikia hatua mlangoni hufunika ukurasa kwa picha ya moyo wa chura. Mama anaamini Baiolojia ya hapa haina kitu kingine.

Leo nimeandika kwa Kiswahili. Nimejishtukia nikiwa nimeshafika katikati.

Naogopa. Nikisema kwa mdomo wangu mwenyewe na bado wakanipeleka, sitakuwa na wa kumsingizia.

Ndara za Mama zinakuja. Naijua ile ya kushoto, inaburuza. Zimesimama mlangoni. Harufu ya chapati imetangulia kuingia.

Mama, mimi sitaki kwenda Tanga. Nataka kubaki na nyinyi.

Amepiga hodi.

Moyo wa chura sijaufungua. Nimeigeuza kompyuta, kioo kinatazama mlango.

Karibu, Mama.