Swichi ya Jikoni Isiguswe

Kaka, swichi ya jikoni usiiguse. Nimezima umeme nyumba nzima, usiwashe mpaka fundi aje. Balbu haina shida, nimeifunga chumbani kwangu ikawaka. Kibovu ni swichi: inavuma, ina moto, inanuka plastiki iliyoungua.

Kila nikikwambia, unanijibu, "Ipige kofi tu, itawaka." Haya, leo asubuhi bibi yetu kaipiga kofi, na mkono umelowa maji ya vyombo. Umeme ukamrusha mpaka mlangoni. Vidole havikunjiki, nampeleka zahanati.

~~Chakula chako kiko kwenye hotipoti.~~ Chakula jipikie, wewe mikono yako mizima.

Bibi kanikataza nisikugombeze. Eti kosa ni lake, hajui kuipiga kama wewe.

Dada yako