Mtani Wangu Mpiga Gitaa Hasikii Tena

Kwako Shangazi Auleria,

Pokea salamu zangu, mimi ni msomaji wako wa kila Jumapili hapa Keko, na leo naomba unisaidie mawazo maana ya kwangu yamekwisha, nimechoka mwili na nimechoka roho, na jambo lenyewe kila ninayemweleza anacheka. Nadhani hata wewe utacheka, lakini ukishacheka nijibu.

Kazi yangu ni useremala, natengeneza vitanda na makabati hapa kando ya barabara, ila zamani nilikuwa mpiga drams wa bendi ya Kimondo. Kama ulikuwa Dar es Salaam miaka ile baada ya Azimio la Arusha huenda ulitusikia, au ulisikia watu wakitulalamikia, kwa sababu sisi hatukupiga dansi kama wenzetu, tulipiga roki, tena roki ya kukaa na kusikiliza, wimbo unaanza mtu anaagiza bia, anaimaliza, anaagiza nyingine, sisi bado tuko kwenye wimbo ule ule, na mapigo yanabadilika katikati, mara polepole kama kanisani mara mbio, aliyeinuka kucheza na mkewe anabaki mguu juu hajui auteremshe lini. Mkubwa kuliko zote ulikuwa Wimbo wa Reli, unaanzia watu wanafyeka msitu na unaishia treni inaingia stesheni, na huo hatukuwahi kuurekodi kwa sababu ya urefu wake, uko vichwani mwetu tu. Baadaye mwenye vyombo akavichukua vyombo vyake, na kama ujuavyo mwanamuziki hapa kwetu hana chake ila vidole, kila mtu akaenda kutafuta ugali.

Mwaka huu mzee Polikarpo, mwenye baa hapa Temeke, alipata vyombo akatutafuta mmoja mmoja mpaka tukatimia. Ansbert wa kinanda sasa ni karani na ana kitambi. Mimi nina mgongo unaouma. Mpiga solo wetu, ambaye nitamwita Kasimiri, yuko kiwanda cha nguo, kwenye mitambo ya kufuma. Tulifanya mazoezi kwa wiki chache tu, tukaomba likizo makazini, tukapanda lori kwenda mikoani, Morogoro, Iringa mpaka Songea, na onyesho la kufunga ziara litakuwa hapa hapa Temeke mwisho wa mwezi.

Shangazi, sitaki nikudanganye, ilikuwa raha. Tumekaa juu ya maspika lori likisubiri dizeli siku nzima, tumekula mihogo mikavu, lakini pale Songea ukumbi ulijaa watu waliokuja kucheza dansi, na walipoona halichezeki wakavuta viti wakakaa, akina mama na vitenge vyao, wazee na kofia zao mapajani, kimya kabisa, na tulipofika pale treni inapoingia stesheni watu wazima walisimama wakapiga kelele kama wana ndugu yao anateremka. Nilitoa machozi nyuma ya drams. Sijawahi kuona kitu kama kile hata ujanani.

Sasa tatizo. Kasimiri hasikii. Mitambo ya kule kiwandani imemla masikio na yeye mwenyewe hajui, au hataki kujua. Kwenye Wimbo wa Reli akimaliza solo yake mimi nagonga matoazi, hiyo ndiyo alama ya wote kuhamia kipande cha pili. Nikigonga matoazi yeye hageuki, anaendelea peke yake na kipande cha kwanza huku sisi tumeshahama, mpaka nikanyage lile dramu kubwa la mguuni kwa nguvu ndipo anashtuka na kutufuata. Gitaa lake linapotoka nje ya sauti halirekebishi, anaongeza spika tu. Na la ajabu ni kwamba watu wanapenda! Wanadhani ndivyo wimbo ulivyotungwa. Iringa mwalimu mmoja alikuja kutushika mikono akasema pale gitaa linapopotea na kurudi ameelewa kabisa shida za wajenzi wa reli. Ansbert alikaribia kulia.

Wenzangu wakakaa wakaamua Kasimiri aambiwe, na wote wakanigeukia mimi. Kasimiri ni Mngoni na mimi ni Mhehe, ni watani, babu zetu walipigana vita na sisi tunaimalizia kwa maneno, na wenzangu wakasema, "Wewe ndiye mtani wake, bwana. Wewe ukimwambia hawezi kukasirika." Na mimi nikaona ni kweli. Basi pale Makambako, lori limesimama, nikamwambia mbele ya wote, "Wewe mtumwa wangu, masikio umeyaacha Songea? Unapiga gitaa kama mtu anayefukuza nyani shambani!" Watu wakacheka mpaka wakashikana. Yeye akacheka kuliko wote, akajibu, "Mhehe wewe, tuliwafukuza mkakimbia hadi leo hamjasimama, utajua muziki saa ngapi?" Nikamwambia tena Mikumi, nikamwambia tena tulipofika hapa Temeke. Kila mara naongeza chumvi, na kila mara anacheka zaidi. Siku hizi ananisubiri nianze.

Yote hayo ningeyaacha yapite, lakini Kasimiri amesema onyesho la Temeke likiisha anaacha kazi kiwandani, anataka awe mwanamuziki mtupu, anasema Kimondo imerudi na haitazimika tena. Shangazi, unajua hali ilivyo. Kazi ndiyo inayompa unga na sukari ya duka la kiwanda, kazi ndiyo inayompa kitambulisho, na siku hizi ukikutwa mjini huna kitambulisho cha kazi unapandishwa lori kupelekwa mashambani, na gitaa la mzee Polikarpo linabaki huku.

Juzi mkewe, nitamwita Tekla, alipita hapa nikiwa napiga randa. Akakaa juu ya ubao. Akaniambia, "Shemeji, leo usinitanie. Mume wangu nikimwita hageuki. Namwekea chakula namsemesha, anaangalia ukuta. Tangu mwaka juzi yuko hivyo. Kama ana mwanamke mwingine niambie, mie nimechoka kuongea na mgongo wa mtu." Na mimi, Shangazi, sijui nilipatwa na nini, nikamwambia Wangoni ndivyo walivyo, wakishashiba hawasikii. Akatabasamu kidogo kwa heshima, akainuka, akaenda zake. Nimekuwa sipati usingizi.

Kasimiri ni rafiki yangu tangu tukiwa vijana wa suruali za bugaluu. Mama yake alipofariki mimi ndiye niliyejilaza kaburini nikakataa kutoka mpaka wafiwa wanilipe, watu wakacheka huku wanalia, na hiyo ndiyo ilikuwa pole yangu kwake. Nikikumbuka vizuri sijawahi kumwambia neno moja bila utani. Sijui linaanzaje. Na ukweli mwingine, akiambiwa akaacha gitaa, Wimbo wa Reli umekufa, maana solo ile hakuna mwingine anayeijua, na mimi nilitamani upigwe hapa nyumbani walau mara hiyo moja, watoto wangu wausikie. Je, nimwache apige Temeke halafu ndipo nimwambie? Au nimwambie sasa? Na nikimwambia akacheka tena, nifanye nini?

Ni mimi mpiga drams mchovu,
Keko.

*

Ndugu mpiga drams,

Nimecheka, kwa kuwa uliniruhusu. Nilipofika kwa Tekla nikaacha.

Kwanza nikuulize, wewe na bendi yako mlikuwa na akili gani? Mmekaa watu wazima mkaona jambo la kumvunja mtu moyo, mkatafuta mdomo ambao hautamuumiza, mkaupata. Sasa unashangaa nini kwamba hakuumia? Utani una kazi yake na mimi siudharau, siku ya msiba mtani anabeba kinachowashinda ndugu. Lakini neno la mtani ni neno ambalo mtu ana ruhusa ya kutoliamini. Umempa Kasimiri ukweli na ruhusa hiyo hiyo pamoja, akachagua ruhusa. Hata wewe ungechagua hiyo. Na kila ulipoongeza chumvi ulimfundisha kwamba masikio yake ni kichekesho chenu cha safarini, kwa hiyo hata mtu mwingine akimwambia leo atasema, "Aa, umeyapata kwa yule Mhehe."

Halafu Tekla. Mwanamke amekuja kazini kwako mchana kweupe, amekaa kwenye ubao wako, amekuomba usimtanie, ukamtania! Yule mama kwa miaka miwili anaamini amechokwa, na jibu ulikuwa nalo mdomoni. Lingekuchukua muda mfupi kuliko kumeza mate. Hapo sikuonei huruma hata kidogo. Mgongo wako unauma, pole sana, lakini yeye anayeongea na mgongo wa mtu amechoka zaidi.

Nakuelewa pia, usidhani sielewi. Umepata kitu ulichodhani kimekwisha, umelia nyuma ya drams, unaogopa kukiua kwa mkono wako. Mtu mwenye umri wetu akirudishiwa ujana wake hata kwa mwezi mmoja lazima aushikilie. Ila unachokishikilia wewe ni kazi ya mwenzako, chakula cha mwenzako na nyumba ya mwenzako. Unaniuliza kama umngoje apige Temeke kwanza. Hapana. Akipiga Temeke watu wakasimama na kushangilia kama Songea, utamwambia nini siku ya pili? Atakuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi kabla hujamaliza kujikuna.

Fanya hivi. Usimwendee mazoezini, usimwendee baa kwa Polikarpo, na wale wenzako waliokusukuma mbele waache huko huko. Nenda nyumbani kwake, mchana, Tekla awepo. Umwamkie mke kwanza na umwombe radhi kwa lile jibu la Wangoni. Kisha mwite mwenzio kwa jina lake, hilo hilo alilopewa na mama yake. Mtani akiingia ndani bila utani kila mtu anajua kuna jambo zito kuliko msiba. Atashtuka, ataogopa. Mwache aogope, hofu hiyo ndiyo uliyomnyima safari nzima. Kaa mbele yake aone midomo yako, sema polepole, usipige kelele. Mwambie umegonga matoazi naye hakusikia, mtajie Morogoro, mtajie Iringa, mwambie mkewe anamwita na hasikii. Mkewe naye asikie, maana habari hii ni yake kuliko ilivyo yako.

Kaka yangu alifanya kazi kwenye mitambo ya namna hiyo, na sisi nyumbani tulimwita mwenye kiburi mpaka tulipompeleka kwa daktari wa masikio kwenye hospitali ya serikali. Mpelekeni. Huenda hakuna dawa, lakini kiwandani akiwa na cheti cha daktari anaweza kuomba ahamishwe kwenye stoo au getini, mbali na makelele, na kitambulisho chake kikabaki mfukoni. Kuacha kazi asiguse kabisa, hilo mwambie limetoka kwangu.

Kuhusu onyesho, hilo ni lake kuamua, wala msimwamulie kwenye kikao kingine mkiwa mmekaa kwenye lori. Akisema hapigi, kaa naye nyumbani mnyamaze pamoja. Akisema anapiga, basi msimame naye kama bendi. Umeniandikia mwenyewe kwamba matoazi hayasikii lakini dramu la mguuni linamshtua, na hujajiuliza maana yake. Mweke karibu yako, akutazame mikono, na alama ya kuhama iwe hilo dramu. Ansbert amrekebishie nyuzi kabla ya kupanda jukwaani. Hayo mngeweza kuyafanya tangu Morogoro kama mngezungumza kama watu. Na nawashauri mtafute mtu mwenye mashine ya kaseti aukamate huo wimbo wenu, mrefu ulivyo, akibadilisha kanda katikati si dhambi.

Sasa neno la mwisho, na lina haraka. Umemwita Kasimiri na mimi nimekuachia jina hilo, lakini Kimondo umeitaja wazi, na bendi yenye solo Mngoni na drams Mhehe, inayofunga ziara Temeke mwisho wa mwezi, ziko ngapi hapa mjini? Unaposoma haya, gazeti limeshafika Temeke. Akilisoma kabla hajasikia kwako, huo utakuwa utani mbaya kuliko yote uliyowahi kumfanyia. Kwa hiyo weka randa chini, vaa shati, nenda sasa hivi.

Na akicheka, wewe usicheke.

Shangazi Auleria