Begi la Kocha Sikulibeba

Baba Rispa,

Kocha Isaya ameondoka, na mimi sikumsindikiza. Naanza na hilo kwa sababu najijua. Ningeanza na habari za goti langu au za mvua, ningefika mwisho wa karatasi sijalisema.

Wiki ile ya mwisho wodini ulinishika mkono ukaniambia, "Karani, begi sasa ni lako." Nikasema sawa. Hukuhitaji kunieleza begi gani. Tangu enzi za waliotutangulia, kocha wa timu yetu ya Karakana akiondoka, awe ametupandisha daraja au ametushusha, mashabiki humtoa uwanjani kwa miguu mpaka barabara kuu, na shabiki mzee kuliko wote humbebea begi. Hatumwulizi anakokwenda. Ulilibeba wewe kwa miaka yote niliyokufahamu. Nakumbuka yule aliyefungwa mechi tisa mfululizo, hata watoto wakawa wanamwita Neti. Ulimbebea begi lake kwenye mvua, viatu vimejaa tope, nami nikakucheka. Ulinijibu huku ukihema: "Akijibebea mwenyewe, watu wa barabarani watasema ametoka kwa watu gani?"

Kocha Isaya alitwambia mwenyewe, siku ya Jumanne. Aliwaambia wachezaji kwanza, kisha akaja kwenye kibanda cha supu cha Mama Achieng, pale tunapokaa baada ya mazoezi, akavua kofia. Alisema anakwenda ile timu ya matajiri, ile ambayo kila mwaka hutuchukulia mshambuliaji mmoja. "Wazee wangu," alisema, "nataka kujua kama ninaweza pale juu. Nikikaa hapa nitazeeka bila kujua." Akanywa supu yake yote, akaaga, akaenda.

Baada ya hapo kila mtu alisema lake. Unamkumbuka Njoroge, fundi wa vyuma wa Gikomba, yule anayepiga ngoma? Alisema, "Ametuuza huyo. Ametuuza mchana, watu wakiona." Mwingine akamjibu, "Wacha bana, wewe ungeitwa ungeenda mbio na patapata mguuni." Mama Achieng alikuwa anapangusa meza ile ile kwa mara ya tatu. "Mimi nalia na nimekasirika, zote mbili pamoja, kwa hivyo mtu asiniulize."

Mimi kwanza niliona fahari, na hilo ni kweli. Mtu wetu ametakiwa na wakubwa. Fahari hiyo haikumaliza bakuli la supu. Ikaja hasira, na hasira yenyewe ilikuwa kubwa kuliko jambo lililoileta. Sasa ninaelewa ilitoka wapi. Unajua nilivyofika Nairobi, kijana mwenye mke na sufuria mbili, baada ya nyumba zetu za Bonde la Ufa kuchomwa. Unajua na mara ya pili, serikali ya kaunti ilipotutoa kwenye nyumba za zamani ili wajenge maghorofa. Wewe ulihamia kwa Rispa, mimi nikaenda mtaa wa Lucky Summer kwenye chumba kimoja kisicho na jua. Kisha ukafa. Kilichobaki mahali pa hayo yote ni Karakana kila Jumamosi, na yule mtu mwembamba amesimama kando ya mstari, mikono nyuma. Aliposema anakwenda, moyo wangu ulisema: hata huyu.

Hilo halinitetei. Nakueleza tu mpangilio wa mambo.

Alhamisi Njoroge alinipigia simu akaniomba nipite kwenye banda lake la kuchomelea. Yeye na wenzake walikuwa wamenunua shuka nyeupe ya mitumba na kopo la rangi ya buluu. "Mzee, wewe ndio unajua maneno," akasema. "Tupee moja ya kumchoma." Ningeweza kukataa. Nilitoa penseli mfukoni. Sentensi ya kwanza ilikuwa ndefu mno. Ya pili ilikuwa na uchungu lakini haikuwa na mdundo. Ya tatu ilitoka yenyewe:

TULIDHANI NI BABA, KUMBE NI MPANGAJI.

Njoroge alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. "Hiyo imeingia, mzee! Hiyo imeingia!" Nami, Baba Rispa, nilisikia utamu ule niliousikia miaka thelathini nikisahihisha kurasa za gazeti, nikilikamata kosa kabla ya mtambo kuwashwa. Nilisimama nikawaelekeza watu wazima jinsi ya kuachanisha herufi ili zisomeke kutoka mbali. Nikawaambia wasimtaje aliyeandika. Wakaniahidi.

Jumamosi tulishinda. Aliwapanga vijana wakacheza kama ulivyokuwa ukipenda, mpira chini, pasi fupi fupi. Mechi ilipokwisha wachezaji walimbeba juu, nusu ya watu wakapiga makofi, nusu wakazomea, na wengine niliwaona wakifanya yote mawili. Shuka ilikuwa imefungwa juu ya geti, mahali ambapo lazima apite.

Aliiona. Alisimama, akaisoma polepole, kama mtu anayesoma tangazo la maji kukatwa. Hapo Mama Achieng akapaza sauti.

"Nani ameandika upuzi huu? Mpangaji ni tusi siku hizi? Ni nani hapa si mpangaji? Njoroge, wewe uko na ploti? Mimi niko na ploti? Tangu nizaliwe nalipa rendi!"

Watu walicheka. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameanza kujiangalia. Nilitazama umati ule. Sikumwona hata mmoja anayelala kwenye nyumba yake. Na mimi, niliyetolewa mara mbili, mimi ninayejua jinsi mtu anavyobeba kitanda huku akitazamwa na majirani, ndiye niliyelichukua jina letu sote na kumpiga nalo mtu usoni.

Nikakumbuka siku ya kubomolewa. Nimeikumbuka kila siku tangu hapo. Ulikuwepo. Tingatinga lilikuwa limefika kwenye kona ya duka, na Kocha Isaya, mwaka wake wa pili tu kwetu, akaja na kikosi kizima na mikokoteni miwili. Hakuna aliyemwita. Makochi yako ya sebuleni, yeye ndiye aliyeyafunga kamba. Vitabu vyangu hakumwachia mtu, alivibeba mwenyewe, sanduku baada ya sanduku, na kwenye sanduku la nane akaniuliza, "Mzee, hivi vyote umesoma, ama ni vya kutisha wageni?" Nilicheka siku ambayo sikudhani ningecheka.

Sasa alikuwa amesimama chini ya maneno yangu, begi lake miguuni. Alikuwa ameliweka chini, Baba Rispa. Anajua desturi. Alikuwa anangoja.

Mama Achieng akanigeukia. "Mzee. Begi."

Nilitoa simu mfukoni, nikaiweka sikioni. Nikaanza kusema, "Haloo? Haloo? Ndiyo, nakusikia." Haikuwa imelia. Nilikuwa nimeizima kabla ya mechi kuanza, kama ninavyofanya siku zote. Niliwapa mgongo, nikasogea mpaka kwenye ukuta, nikaendelea kuongea na hewa. Nilimwambia huyo mtu ambaye hayupo kwamba nitafika, asiwe na wasiwasi.

Na kuna jambo ambalo sikulifikiria mpaka lilipokuwa limeshatendeka. Kama ningebaki nyumbani, Mzee Odera angelibeba, yeye ndiye anayenifuata kwa umri. Lakini nilikuwepo, wote wananiona, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuligusa. Waliningoja nimalize simu. Nikiwa bado naongea, nikasikia Kocha akisema, "Msijali, si zito." Akaliokota, akapita chini ya shuka, akaenda. Mama Achieng na wengine wachache wakamfuata bila ngoma. Njoroge hakuinua fimbo zake za ngoma.

Kwa hiyo watu wa barabarani walimwona akijibebea. Sijui walisema ametoka kwa watu gani.

Mengine yaliyobadilika ni haya. Kocha mpya ni kijana mwenye daftari, ana heshima, tumetoka sare mechi zote mbili. Maghorofa yamefika orofa ya saba pale ulipokuwa mlango wako. Rispa amepata kazi ya kudumu, na mjukuu wako anatumia mguu wa kushoto kama wewe. Shuka ile Njoroge aliifungua siku hiyo hiyo, akaniuliza nataka aifanyie nini. Nilimwambia anavyotaka. Nasikia sasa inafunika mashine yake ya kuchomelea, rangi upande wa ndani.

Na Jumapili iliyopita Kocha Isaya alinipigia simu. Kweli alinipigia, simu ililia. Alitaka kujua goti langu linaendeleaje. Tuliongea kidogo kuhusu dawa. Kisha akasema, "Siku ile nilikuona uko kwa simu, mzee. Sikutaka kukukatiza." Alisema vizuri, bila mzaha, kama mtu anayemfunika mwenzake aliyelala. Akaongeza, "Na ile shuka niliwaambia vijana wasiitie moyoni. Aliyeandika lazima alikuwa anatupenda sana."

Nilikuwa na nafasi hapo. Nilichosema ni, "Ndiyo, mwanangu." Kisha nikamwuliza kama huko alikohamia kuna maji.

Sijui kama anajua. Kila nikiyarudia maneno yake kichwani naona anajua, kisha naona hajui, na sijui lipi kati ya hayo ni baya zaidi. Nimesoma vitabu vingi vya watu wanaokiri makosa yao, na siku zote nilidhani ugumu uko kwenye kupata maneno. Maneno ninayo. Hayo hayajawahi kunipungukia, ndiyo maana nimefika hapa.

Ulinikabidhi kitu kimoja tu. Hukunikabidhi nyumba wala mtoto, ulinipa begi la mtu mwingine, la kubeba mwendo wa dakika kumi. Naona aibu mbele yako kuliko nilivyowahi kuona mbele ya mtu aliye hai, na wewe hutaniambia kitu, wala hutanicheka kama nilivyokucheka kwenye ile mvua.

Basi pumzika, ndugu yangu. Siji kwako kuomba msamaha, wewe siye niliyemkosea zaidi. Jumamosi hii timu yake mpya inacheza nyumbani kwao. Nitakwenda nimtafute kabla ya mechi, mahali ambapo wachezaji wake hawasikii, ili nisimwaibishe mara ya pili. Nitamwambia kwamba simu haikulia, na kwamba maneno ya kwenye shuka niliyaandika mimi, kwa penseli yangu, na nikayafurahia. Sitaongeza sentensi nyingine. Nitakaa kimya, nimsikilize atakavyosema.

Ni mimi,
Karani