Mechi ya Utangulizi

Mpendwa Dada Mwanahawa,

Huko uliko hakuna magazeti, nami nashukuru, maana ungesoma habari ya fainali ya Jumamosi ukakuta sentensi moja tu juu ya mwanao Tatu na wenzake: kwamba kabla ya fainali ilichezwa mechi ya utangulizi ya wasichana. Yaani mtoto wako alikuwa salamu, wavulana ndio habari yenyewe. Tangu siku hiyo nimekasirika, na kwa kuwa hapa Kibaha kila ninayemweleza ananiambia nipunguze jazba, nimeona niandike kwako. Wewe hukuwahi kuniambia nipunguze chochote.

Nimekukumbuka ukiwa Chole yetu ya Kisarawe, mfungaji wa timu ya shule ya mpira wa pete, mrefu, mbishi, ringi yenyewe ya baiskeli imepigiliwa kwenye nguzo. Ukiupata mpira chini ya ringi ile, wenzako walianza kurudi katikati kabla hujaurusha. Kisha ukavunja ungo, Bibi akakuweka ndani kama alivyowekwa kila mwali wa Kizaramo. Wiki ileile shule ikawa na mechi na majirani zetu. Filimbi uliisikia, mpira hukuuona. Ukanituma mimi mdogo wako niwe nakimbia uwanjani na kurudi dirishani kukutangazia.

"Nani kafunga?"

"Hakuna."

"Aliyesimama pale kwangu anafanya nini?"

"Anapepea mikono."

"Kamwambie aache kupepea, hayupo harusini."

Bibi alitusikia. "Mwali haongei na dirisha," alisema, halafu akachukua ndoo akaenda kisimani, na mtungi ulikuwa umejaa. Nilikuwa mdogo, sikuelewa kwamba alikuwa anatupa nafasi. Siku ulipotolewa nje kwa ngoma na kanga mpya, wote walisifia ulivyonawiri. Wewe ulininong'oneza swali moja tu, msimu ujao unaanza lini. Hapakuwa na msimu ujao. Palikuwa na mchumba.

Simsimangi Bibi. Alitenda alivyotendewa, na hata hivyo alikwenda kisimani. Ninaowasimanga ni hawa wa leo waliosoma, wenye tai na vipaza sauti, ambao hawana mila yoyote ya kujifichia. Hunikera zaidi wanaposema michezo kwa wanawake ni mambo ya kuja. Ya kuja kutoka wapi? Sisi tulicheza rede mpaka mpira wa matambara ukafumuka. Mama zetu walikimbizana na kurukaruka kabla ya watu hawa kuzaliwa. Nguvu tulikuwa nazo siku zote. Tulichonyimwa ni uwanja. Wavulana walipewa mpira, sisi tukapewa fagio la kuusafishia uwanja wao. Leo wanawake wana ligi, wanaonekana kwenye televisheni, wakirudi na kombe wanapokewa kwa matarumbeta. Nafurahi, tena sana. Lakini shuka mpaka kwenye kata uone.

Tatu ni golikipa wa timu ya wasichana wa hapa Kwa Mathias. Jumamosi walicheza fainali na wasichana wa Dutumi, na bingwa ndiye anayekwenda kwenye mashindano ya mkoa. Wale wa Dutumi walitoka kwao alfajiri, wamebebana nyuma ya lori. Mechi ilikuwa tamu, dada. Mpaka mapumziko ilikuwa bao moja kwa moja. Wakati wanajiandaa kwa kipindi cha pili, gari la mgeni rasmi likaingia. Mshereheshaji akatangaza kwamba wasichana wapishe uwanja, wapange mistari miwili, wamwimbie mgeni. Waliokuwa wanahema kwa mpira wakapangwa kama maua ya mezani. Wavulana wakaingia kupasha misuli. Kumpata bingwa wa wasichana, wakarusha shilingi.

Nilimfuata mratibu wa mashindano pale jukwaani.

"Dada yangu, ratiba imebana," akaniambia.

"Basi wapunguzie wavulana kipindi."

"Aa, mama, watu wamekuja kuangalia mpira."

"Na hawa walikuwa wanacheza karata?"

Nilianza kuwa dada, nikaishia mama. Ningeendelea kidogo ningekuwa bibi. Walionizunguka wakacheka, na kucheka kule ndiko kulikonipandisha hasira zaidi, kwa sababu hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamezoea tu.

Sasa sikia. Shilingi iliipa ushindi timu ya Tatu. Nikadhani nitamkuta nyumbani anaruka. Nikamkuta amekaa kwenye ngazi, glovu bado mkononi.

"Mama mdogo," akaniambia, "umewasema vizuri. Lakini mechi bado haijaisha."

Jumapili asubuhi yeye na nahodha wake waliwafuata wasichana wa Dutumi, ambao walikuwa wamelala kwa ndugu zao hapa mjini wakisubiri usafiri wa kurudi. Wakarudi uwanjani, makocha wawili na filimbi moja, hapana mgeni, hapana kipaza sauti. Wakacheza kipindi cha pili chote. Dutumi wakafunga bao mwishoni, mpira wa chini, ukampita Tatu kwenye vidole. Alilia, dada. Nikataka kwenda kumbembeleza, kocha wake akanizuia: "Muache. Amefungwa, alie."

Jumatatu Tatu na nahodha wake walikwenda ofisini kwa mratibu, nikiwa nyuma yao.

"Kaka, tumefungwa mbili kwa moja," Tatu akasema. "Wanaotakiwa kwenda mkoani ni Dutumi."

Yule bwana akacheka mpaka akavua miwani. "Nani kawaambia mmefungwa? Nyie mabinti mna utani. Mmeshinda. Taarifa imeshakwenda mkoani. Nendeni mkatuletee sifa."

Tumenyimwa uwanja, tumenyimwa muda, sasa tunanyimwa hata kufungwa. Msichana anasema kwa kinywa chake kwamba ameshindwa, mtu mzima anamwambia hapana, hukushindwa, kwa sababu hukuwa unacheza.

Tatu alirudi nyumbani, akafua jezi za timu nzima, akazianika, akazikunja.

Leo gari la kwenda kwenye mashindano ya mkoa limeondoka. Mratibu alikuwepo, amevaa suti, akawapungia mkono wasichana wetu wa Kwa Mathias, akapiga nao picha, akawaombea dua. Tatu na wenzake walikuwa upande wa pili wa barabara na mimi, wananunua miwa. Waliokuwa ndani ya gari, ndani ya jezi zetu, ni wasichana wa Dutumi, kuanzia golikipa hadi wa akiba.

Nimeandika haya waziwazi, na nitayapeleka gazetini kwa jina langu. Makocha wameniruhusu, na Tatu amesema niandike. Mratibu akitaka kulisimamisha gari awashushe, barabara ni hiyohiyo moja, atalipata. Ila itabidi kwanza atutambue sura.

Pumzika, dada. Mwanao yuko salama kwangu, na hasira zako ninazitunza.

Mdogo wako