Kisosi cha Buni Mezani Kobe

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ungekuwepo ungeitikia bila kuacha kazi ya mikono, kisha ungeniuliza kama nimekula. Nimekula, Mama. Nimekula mpaka chakula cha Kifaransa, tena nimekilia Japani, na yaliyonikuta huko sina wa kumsimulia ila wewe.

Unaikumbuka kazi yangu ya kuonja kahawa pale ghalani Kayanga. Ulizoea kunitania mbele ya mama mdogo kwamba umesomesha mtoto hadi chuo ili aende kutema kahawa kwenye ndoo. Basi kazi hiyohiyo imenipandisha ndege. Wanunuzi wa Japani walitaka mwonjaji mmoja kutoka kwetu akae kwao majuma mawili, nikachaguliwa mimi. Asubuhi ya safari mama mdogo alinifuata stendi, akanisukumia mkobani kifurushi cha buni za kutafuna, zimefungwa kwa jani kavu la mgomba kama ulivyozifunga wewe. Akasema mtu haendi ugenini mikono mitupu. Nilipokea ili nisimuudhi, nikazisahau humo chini ya pasipoti.

Siku ya mwisho mwenyeji wangu, mzee mmoja mkaangaji kahawa, alinialika chakula cha jioni kwenye mgahawa mdogo wa Kifaransa mjini Kobe. Tulikuwa naye na mkalimani wake, dada aliyewahi kuishi Dar es Salaam. Menyu ilikuwa ya Kifaransa na Kijapani, nikabaki kuitazama kwa heshima tu. Mbele yangu palipangwa uma tatu na visu vitatu, nikawa najiuliza nani wengine wanakuja.

Mkate ukaja. Supu ya vitunguu ikaja, imefunikwa jibini juu. Mimi nimetulia, mikono mapajani. Mama, nilikuwa nangoja buni, na wala sikujua kwamba nangoja. Mwili wenyewe ulijua uko ugenini, na kwetu mgeni hagusi kitu kabla hajapewa za kutafuna akajua amepokelewa. Mzee naye hakushika kijiko, kwa kuwa alikuwa ananisubiri mimi nianze. Tukakaa tunatazamana kama majirani wenye kesi ya mpaka, huku supu ikipoa. Mwishowe mkalimani aliniuliza polepole kama chakula kina kasoro.

Nilimweleza desturi yetu, nikicheka kwa aibu. Mzee alisikiliza tafsiri mpaka mwisho, hakucheka. Akauliza kama buni hizo ninazo.

Nilitaka kusema sina. Jibu lilikuwa mdomoni tayari, kwa sababu nililizoea, na wewe unajua nililizoelea wapi.

Ilikuwa nyumbani Kituntu, mwaka wangu wa kwanza kazini, nilipowaleta wenzangu wa ofisini waje kukusalimia. Ulikuwa umezichuma buni mwenyewe, ukazichemsha na majani yako ya kunukia, ukazianika kwenye jamvi siku nyingi. Kazi ile niliijua vizuri. Utotoni mimi ndiye niliyekaa kando ya jamvi kufukuza kuku, na manyunyu yakianza tunakimbia wote wawili, wewe upande huu mimi upande ule, tunaingia ndani tukicheka. Siku ile ulipiga magoti mbele ya wageni, ukawanyoshea kisosi chako chenye ukingo wa bluu. Nikakichukua mkononi mwako kabla hawajakigusa.

"Mama, hawa hawali hizo," nilisema. "Nimewaletea soda."

Ulikifunika kisosi kwa kitambaa, ukarudi jikoni kuangalia ndizi. Lakini tangu hapo, kila nilipokuja na mgeni ulinivuta pembeni kwanza, ukaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwana wange, hawa wanakula?" Na mimi kila mara nilijibu kwamba hawali. Sikuwahi kuwauliza wenyewe. Nilikuwa naona haya, Mama, na si kwa ajili ya buni. Nilikuonea haya wewe. Hata hospitalini, siku zako za mwisho, wenzangu walipokuja kukuona uliniuliza vilevile, na mimi nikakwambia upumzike.

Basi pale mezani nilifungua mkoba. Nikakiondoa kipande cha mkate kwenye kisosi chake, nikamwagia buni humo, nikamnyoshea mzee kwa mikono miwili. Magoti yalitaka kupinda yenyewe pale kwenye kiti. Alipokea kwa mikono miwili, akatafuna. Uso ulimkunjamana kwa ule uchungu, lakini hakutema. Aliendelea taratibu, macho chini, kama wazee wetu kanisani mahubiri yakirefuka. Kisha akamwita mpishi kutoka jikoni, naye akafuta mikono, akachukua moja.

Mzee akauliza nani amezitengeneza. Ni mama mdogo aliyezichemsha, lakini aliyemfundisha ni wewe. Nikasema, "Mama yangu." Hapo nikalia mbele za watu, ikabidi supu irudishwe ikapashwe moto.

Bata niliyepewa baada ya hapo simkumbuki vizuri. Mwisho kabisa walileta kahawa kwenye kikombe kidogo. Niliinywa yote, Mama, sikutema hata tone.

Nimerudi sasa. Kisosi chako nilikikuta kabatini Kituntu, bado kimefunikwa na kitambaa kilekile. Nimekileta kwangu Kayanga, kipo mezani sebuleni, na kila anayeingia anaanza nacho. Wengine wanakunja uso, wengine wanaomba za njiani. Mama mdogo ananifundisha kuchemsha, ingawa awamu ya kwanza niliisahau nje ikanyeshewa yote. Hapakuwa na mtu wa kukimbia upande wa pili wa jamvi.

Nisamehe, Mama. Nilidhani muda wa kukuomba radhi upo, nikaahirisha mpaka ukaishia kwenye kaburi lako pale chini ya migomba. Lala salama kibanjani kwako. Na swali lako uliloniuliza miaka yote ile, leo nakujibu kwa sauti ya juu wasikie hata majirani: wanakula, Mama. Wanakula.

Kitinda mimba wako,
mfukuza kuku.