Glavu za Ngozi ya Paa

Dada yangu mpendwa Oighrig,

Pokea salamu za mdogo wako Fearchar, ambaye bado anapumua, ingawa goti la kushoto siku hizi linalia kama mlango wa zizi. Natumaini kifua kimekuachia, na kwamba yule ng'ombe wako mwekundu ameacha kumpiga mateke kila anayemkaribia, nikiwemo mimi. Mwambie padri anayekusomea asiruke mstari. Namjua, akifika penye jambo zito hukohoa na kupita.

Ujumbe wako umenifikia kwa mchuuzi wa sindano. Unasema umesikia Torcuil wetu anatawazwa kuwa Mkuu wa ukoo, nawe unashona gauni la sherehe. Weka sindano chini, dada. Nina hasira mpaka wino unaniruka.

Unakumbuka wakubwa walivyokuletea mtoto yule akiwa mchanga, ili umlee kama ilivyo desturi yetu, akanyonya titi moja na marehemu binti yako. Basi majira haya ya vuli, Mzee Eachann, Mkuu wetu na baba yake mkubwa Torcuil, alisimama mbele ya wazee akamtaja atakayemrithi. Hakumtaja Torcuil. Alimtaja binamu wa Torcuil, Niall, yule mpole ambaye watu humtania kwamba hufikiri mara tatu kabla ya kupiga chafya. Torcuil alicheka kuliko wote, akamkumbatia Niall, akasema ukoo umepata kichwa. Kisha akamwalika Eachann nyumbani kwake wale nyama ya paa, watu waone kwamba hana kinyongo. Nami, mkariri wa nasaba ya ukoo na mjinga, nikatangaza kwa sauti kwamba adabu hiyo kaipata kwa dada yangu. Nilijivuna kama jogoo juu ya lundo la samadi.

Eachann alienda kwa miguu yake, akarudi amelazwa juu ya mlango uliong'olewa. Torcuil alisema watu wa Niall waliingia wakamchoma kisu usingizini. Niall aliposikia anatafutwa, alivuka maji kwenda kwa wajomba zake Ayalandi, na Torcuil akawauliza wazee wanahitaji ushahidi gani zaidi.

Asubuhi ya mazishi tulipita mmoja mmoja kumgusa marehemu kwenye paji la uso. Wewe unajua, hapa hakuna anayekwepa, maana maiti huvuja damu akiguswa na aliyemuua. Mimi mwenyewe nilitetemeka kana kwamba ni mimi niliyeua, kwa kuwa huogopa hata kuku aliyekufa. Torcuil alikuja mwisho. Moto wa vipande vya mboji kavu ulikuwa ukiwaka hadi tunatokwa jasho, naye alikuwa amevaa glavu. Aliweka vidole viwili, akaviondoa upesi kama aliyeshika chungu cha moto.

Wote tuliona. Seonaid, mke wa mhunzi, aliniinamia akaniuliza mwanenu anaona baridi gani humu ndani. Nikamwambia anyamaze. Akanijibu, “Nyamaza wewe! Si wewe unayelishwa kwa kusema?” Wazee, wale wenye ndevu za kufagilia sakafu, walikuwa wakitazama viatu vyao. Kila mmoja alikwisha kuahidiwa na Torcuil malisho ya mwenzake. Hao ndio walionikasirisha kuliko hata muuaji. Muuaji angalau aliogopa maiti, wao hawakuogopa chochote.

Baadaye Torcuil aliniita. Aliniita mjomba, kwa ile sauti aliyokuwa akiombea asali kwako. Alitaka, nitakapokariri nasaba ya ukoo siku ya kutawazwa, niseme Eachann aliuawa na Niall, halafu nimalizie kwa jina lake. Akanitania, “Au ulimi nao umeota kutu kama goti, mjomba?” Nikamwambia ulimi uko salama.

Sasa nikuungamie, dada, kabla hujasikia kwa wengine. Juzi Torcuil alipanda kwenye jiwe la kutawazia, akaweka mguu ndani ya ule unyayo uliochongwa na wahenga, ukiwa umejaa maji ya mvua. Nilianza na yule wa kwanza aliyekuja kwa bahari, nikashuka, kila jina na kifo chake: aliyezama, aliyeanguka vitani, aliyekabwa na mwiba wa samaki, ambapo watu hucheka siku zote. Nilipofika kwa Eachann nikasema: aliyeuawa akiwa mgeni, katika nyumba ya mtoto wa mdogo wake, na mkono uliomuua ulimgusa ukiwa na glavu. Kisha nikafunga kinywa. Jina la Torcuil sikulitaja. Na bila jina hilo kutoka kinywani mwangu, Torcuil si Mkuu, ni mtu tu aliyesimama na mguu uliolowa.

Hapo Seonaid akapaza sauti, “Vua tuone!” Wanawake wakadakia, vua, vua! Torcuil akachomoa kisu. Wanawake walijipanga kati yetu, nami nikakimbia, goti na yote. Niliko sikuambii, maana ni kwako atakakonitafuta kwanza.

Atakuja, dada. Amebakiwa na mlango mmoja tu ambao haujafungwa usoni pake. Atataka uwaambie wazee kwamba mtoto uliyemnyonyesha hawezi kuua mgeni, nao wanangoja tu kisingizio cha kumwamini. Sikukatazi kumfungulia. Mwekee uji wake wa shayiri.

Ila glavu zile ni za ngozi ya paa, zenye uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono. Ni wewe uliyemshonea. Kabla hajashika bakuli, mwambie azivue, akupe mikono uliyokuwa ukiiosha. Kisha uamue utawaambia nini wazee.

Nisalimie padri, kama hajakohoa, na ng'ombe mwekundu, ambaye sasa namwona ana busara.

Ni mimi mdogo wako, asiye na kazi tena,
Fearchar